Modeli yangu inapata 96% kwenye laptopu, nimeipeleka Tandahimba kwa mjomba imeboronga. Nakosea wapi?

Mtoto wa Chikongola ameandika:

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa. Naomba msaada kabla sijadhalilika mbele ya paneli.

Niko mwaka wa pili masters, utafiti wangu ni kufundisha kompyuta ielewe maandishi ya watu kwa kutumia nyurali netiweki. Wenzangu wengi wamechukua dataseti za Kiingereza zilizopo tayari wanamaliza kiulaini, mimi kiherehere changu nikasema nafanya kitu cha nyumbani Mtwara. Nikakusanya meseji za wakulima wa korosho, nyingine za magrupu ya WhatsApp ya vyama vya msingi, nyingine sms walizowatumia makatibu, jumla zikafika kama 4,100 toka AMCOS (ndo hivyo vyama vya msingi) nane za huku na upande wa Lindi. Nikakaa nazo peke yangu wiki tatu nalebo moja baada ya nyingine, makundi matano: malipo, pembejeo, magonjwa ya mikorosho, mnada na ghala, na la mwisho salamu na mengineyo.

Nikachukua BERT ile ya lugha nyingi, modeli ya Google ya 2018 ambayo imeshasoma maandishi mengi tayari, nikaifaintyuni (yaani nikaifundisha kazi yangu juu yake) kwenye GPU ya bure, data nimechanganya kama karata, 80 za kutreni 20 za tesiti, ikatoka 96%. Supavaiza kafurahi, mimi nimefurahi, jioni ile nilikula pweza wa hela nyingi pale Shangani nikijiona profesa mtarajiwa.

Wiki iliyopita nimeenda Tandahimba kwa mjomba nikasema ngoja niijaribu kwa watu wenyewe. Nikachukua meseji 50 toka kwenye simu ya mjomba na majirani zake wawili, ikapatia 27 tu!! Yaani nusu na kidogo. Mifano:

"Salaam mwenyekiti. Sisi huku tupo tu." Modeli ikasema salamu. Mjomba akacheka mpaka akakohoa, anasema hiyo nilikuwa namdai hela yangu.

"nkorosho wa nyuma ya nyumba umevaa unga". Modeli ikasema pembejeo. Huo ni ugonjwa jamani, ubwiri unga, hata mtoto wa darasa la tatu anajua.

"Yule ntu wa kangomba kapita tena jana". Modeli ikasema salamu na mengineyo. Wakati huyo ni mnunuzi wa korosho kwa bei ya kutupa!

Swali langu ni hivi, niongeze leya (tabaka za netiweki)? Nitreni muda mrefu zaidi? Au BERT imepitwa nihamie kwenye modeli kubwa? Difensi ni miezi miwili ijayo na usingizi sina.

---

kibanguo:

Mkuu umeenda chuo miaka yote hiyo kumbe unasomea meseji za mjomba 😂😂 kangomba yenyewe serikali imehangaika nayo miaka na miaka sembuse laptopu yako. Ila endelea, ukimaliza utengeneze na ya kusoma meseji za wife.

---

Fundi_Lindi:

Mdogo wangu kwanza hongera, wachache wanaopeleka modeli yao kwa mjomba, wengi wanaishia kwenye jedwali la ripoti. Kabla hujaongeza leya wala nini nataka ufanye kitu kimoja usiku huu. Fungua faili la tesiti, soma meseji mia kwa macho yako, halafu kila moja itafute kwenye faili la kutreni. Usitafute ileile herufi kwa herufi, toa kwanza emoji, toa salamu ya mwanzoni, badili herufi kubwa kuwa ndogo, ndo ulinganishe. Ukirudi tutaongea.

---

Mtoto wa Chikongola:

Kaka Fundi nimekaa nayo toka saa mbili usiku mpaka adhana ya alfajiri. Nimeishiwa nguvu.

Tangazo MOJA la malipo limeingia mara 63. Kuna lenye "Asalaam aleykum wanachama" mbele, kuna lenye "Tumsifu Yesu Kristo", kuna lililokatwa nusu, kuna lenye vidole kumi vya emoji, kuna la mtu kaongezea "nimetumiwa kama nilivyopokea", ila ndani ni maneno yaleyale ya katibu mmoja. Mengine yapo ya kila namna, tangazo la salfa (dawa ya mikorosho), tangazo la mnada, watu wanafowadi grupu hadi grupu. Nilipotoa mapacha na wanaofanana sana nimebaki na meseji 2,350. Yaani karibu nusu ya data yangu ilikuwa mwangwi.

---

Fundi_Lindi:

Ndo hapo sasa. Mtihani ulivuja. Mwanafunzi kaiona pepa usiku, asubuhi kapata 96, ukimbadilishia namba ndani ya swali lilelile anakodoa macho. Na usijione mjinga, haya yamewakuta watu wakubwa wenye maabara zao, tena wengine wameshachapisha ndo wanakuja kugundua.

Dawa yake, usichanganye kama karata tena. Gawa kwa chama. Una AMCOS nane, sita zitreni, moja ya kujirekebishia, moja ifungie kabatini usiiguse hata kuichungulia mpaka siku ya mwisho. Na ukiweza gawa na kwa msimu, treni ya mwaka jana tesiti ya mwaka huu, maana kazini ndivyo itakavyokuwa, itakutana na meseji za watu isiowajua za wiki isiyoijua. Namba itashuka vibaya, jiandae, ila hiyo itakayobaki ni yako. Na usiripoti asilimia moja ya jumla tu, toa ya kila kundi, maana ukiwa na salamu nyingi hata modeli inayosema "salamu" kila kitu itaonekana ina akili.

La pili ni hilo la nkorosho, na hili nalipenda kwa hiyo nivumilieni nitakuwa mrefu kidogo.

Mashine haisomi maneno kama sisi, inakata vipande kwanza. Ujanja huu ulianza kama njia ya kubana mafaili, 1994 huko, bwana mmoja anaitwa Gage, halafu 2016 kina Sennrich wakauingiza kwenye tafsiri ya mashine na toka hapo karibu kila mtu anakata hivyo, BERT inatumia ndugu yake wa karibu. Unahesabu vipande gani vya herufi vinakaa pamoja mara nyingi unavifanya kuwa kamusi. Sasa BERT yako ya lugha nyingi ina lugha 104 ndani, imesomeshwa kwa Wikipedia, kamusi moja wanagombania wote, Kiingereza na Kijerumani wamekaa sebuleni, Kiswahili kipo barazani na mkeka wake. Chukua neno "hawajatulipa". Mimi na wewe tunasikia ha-wa-ja-tu-lip-a na tunajua ile "ja" ndo imebeba kilio chote, ukiitoa pamoja na ile "ha" ya mbele ukaweka "me" mambo yamegeuka kabisa. Kompyuta haina habari na sarufi hiyo, mkato unaweza ukapita katikati ya "ja" bila kuomba radhi. Hapo ni Kiswahili cha kitabuni. Sasa mletee "nkorosho", "ntu", "ntoto", vile tunavyoongea huku Ntwara, itakuwaje? Printi vipande vya meseji 20 za mjomba ujionee.

Na hizi transfoma, muundo ambao BERT imejengwa juu yake, watu wanazizungumzia kama uchawi. Zilikuja 2017 na timu ya Google, kabla yake tulikuwa na nyurali netiweki za LSTM za kina Hochreiter na Schmidhuber za 1997 zinazosoma neno kwa neno kama mtu anayevuta kamba, transfoma ikaja na mtindo wa kila kipande kuangalia vipande vingine vyote kwa mpigo kujua kipi kinamhusu. Kitu kizuri sana, sikatai. Lakini kuangaliana huko kutasaidia nini kama kipande chenyewe kimekatwa vibaya na hajawahi kukiona? "Unga" wako kwenye data umekaa na nani? Umekaa na salfa ya unga. Kwa hiyo imeona unga ikasema pembejeo, na kwa ilichofundishwa haijakosea hata!

---

Mtoto wa Chikongola:

Nimeprinti. "nkorosho" imekuwa vipande vipande, hamna hata kimoja chenye korosho nzima ndani. "kangomba" nayo hivyohivyo. Na nimetafuta kwenye data ya kutreni, kangomba ipo mara 4 tu na zote nilizilebo mengineyo sababu sikuwa na kundi lake. Aibu ni yangu.

---

BandoHalitoshi:

Mi sielewi mnahangaika nini na vitu vya 2018. Chukua modeli kubwa za sa hivi hizi za kuchat, ipe meseji, iambie ichague kundi, kazi imeisha dakika mbili. Kutreni kutreni ni ushamba.

---

Fundi_Lindi:

Bando ndugu yangu, wazo sio baya na kijana aliweke kwenye jedwali lake kama mshindani, paneli itauliza. Ila niliijaribu moja ya hizo kubwa mwezi uliopita nikaiuliza kangomba ni nini, ikanijibu kwa Kiswahili safi kabisa chenye adabu kwamba ni ngoma ya asili ya kusini mwa Tanzania. Ikanieleza na inavyochezwa!! Nikabaki nacheka peke yangu. Wasioijua: kangomba ni mtu anakuja na kikombe chake cha kupimia anakununulia korosho kwa bei ya kutupa ungali na njaa, kabla hujafika chamani.

Halafu hizo kubwa zinakulipisha kwa tokeni, yaani kwa idadi ya vile vipande, na kwa kuwa Kiswahili kinakatwa vipande vingi kuliko Kiingereza, meseji ya maana ileile mkulima wa Newala anailipia zaidi ya mtu wa London. Na jina lako mwenyewe linasema, bando halitoshi, haya katibu wa chama kijijini alipo na netiweki ya kupanda juu ya mwembe atafanyaje? Modeli ndogo inakaa kwenye laptopu ya ghalani inafanya kazi hata intaneti ikikata.

Kijana jaribu AfriBERTa, ndugu ya BERT wa huku kwetu. Ile ya 2021, lugha 11 za Afrika tu na Kiswahili kimo, imesomeshwa na maandishi yasiyofika hata gigabaiti moja na bado ikashindana na hizo zilizomeza bahari. Haitajua nkorosho pia maana ilisoma habari za watangazaji, lakini Kiswahili hakikai barazani.

---

BandoHalitoshi:

Hapo kwenye ngoma ya asili nimekubali 😂

---

Dada Ugani:

Habari zenu, mimi ni afisa ugani upande wa Newala, kompyuta sijui ila meseji za wakulima nasoma kila siku kwa hiyo niseme kidogo.

Mdogo wangu umesema ulilebo peke yako. Hapo ndo pana shida kubwa kuliko hayo ya vipande. Wewe umezaliwa Chikongola mjini, hujadaiwa na shamba. Chukua meseji hii, "Salfa inakuja lini?" Wewe uliweka nini, pembejeo si ndio? Sawa. Sasa chukua "Hivi salfa inakuja lini?" Ile "hivi" imeshabadilisha, huyo mtu kachoka. Na akisema "Salfa ya mwaka huu tutaiona kweli?" huyo hata jibu hataki, anakwambia mmetuangusha. Wakulima wetu wazee hawasemi nimekasirika, mzee wa heshima zake ataanza na salaam, atakuuliza watoto, atakuuliza mvua kwenu, halafu mwishoni kabisa "sisi huku tupo tu". Hiyo "tu" ina miezi miwili ya hela ya korosho ndani yake. Mimi mwaka wa kwanza kazini nilikuwa najibu "nashukuru mzee wangu, nasi tupo", mpaka mama mmoja akanivuta pembeni akaniambia mwanangu yule baba hakukusalimia.

Kwa hiyo mashine imesoma salamu sababu wewe ndiye uliyeiambia ni salamu. Tafuta watu wawili watatu walebo wenyewe, mmoja awe mkulima, mmoja awe katibu, kila mtu kivyake bila kuangaliziana, halafu muone mnapogombana. Pale mnapogombana ndo penye utafiti.

Na "unga" weka mifano mingi ya mwezi wa sita wa saba ubwiri unga unaposhika maua, watu wanaandika kila namna, mkorosho umevaa unga, umepakwa jivu, maua yamekuwa meupe, maua yanaungua. Hakuna hata mmoja atakayekuandikia jina la ugonjwa kama lilivyo kwenye kipeperushi changu.

---

Fundi_Lindi:

Dada Ugani umemaliza kila kitu, shikamoo. Kijana, hicho alichokueleza kina kipimo chake kabisa, kappa ya Cohen, ya 1960, inapima walebo wawili wanakubaliana kiasi gani ukishaondoa bahati. Kama binadamu wawili wa Mtwara hawakubaliani, usiilaumu nyurali netiweki.

Na kwa lafudhi fanya ujanja huu wa bei rahisi: chukua sehemu ya data ya kutreni uzalishe nakala za kusini, m inayosimama mbele ya konsonanti igeuze n, mtu iwe ntu, mkorosho iwe nkorosho. Ila usiguse mbele ya b na p, hakuna anayesema "npunga", na usiguse kabla ya irabu, mama asije akageuka kitu kingine. Halafu yale magrupu yenye meseji nyingi ambazo hujazilebo usiyatupe, iache modeli isome hayo kwanza kwa mtindo uleule iliosomeshwa BERT, unaficha baadhi ya vipande, kama 15 kwa mia, inabashiri kilichofichwa. Baada ya hapo ndo uifundishe makundi. Itakuwa imeshasikia kangomba mara nyingi kabla ya mtihani.

---

Mama Mikindani:

Wanangu mmeongea mambo mazuri ila mimi nina swali la kizee. Hao watu mliochukua meseji zao wanajua? Maana kwenye magrupu yale mtu anaandika namba yake ya simu, anaandika anadaiwa kiasi gani, mwingine anaandika mtoto anaumwa naomba niharakishiwe malipo. Katibu kukupa simu yake sio ruhusa ya wanachama.

---

Mtoto wa Chikongola:

Shikamoo mama. Ukweli ni kwamba makatibu walikubali, wanachama sikuwauliza mmoja mmoja. Namba za simu nilizitoa ila majina mengi bado yamo.

---

Fundi_Lindi:

Marahaba za mama nazipokea na mimi maana nimejisahau kuliuliza hili mapema. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna tume yake, soma uone inakutaka nini na urudi kamati ya maadili ya chuo. Na sio karatasi tu, 2021 watafiti walionyesha wanaweza kuichokonoa modeli ya lugha ikatema maandishi iliyosomeshwa neno kwa neno, hadi namba za simu za watu. Badili majina yote, na meseji ya mtoto anaumwa hiyo itoe kabisa haina kazi kwako.

---

Mtoto wa Chikongola (wiki tano baadaye):

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya.

Nilienda chama kwa chama kwenye mikutano, nikasimama nikaeleza, viwili vimekataa nimezifuta meseji zao zote, sita vimekubali, na kimoja kati ya hivyo sita walikubali kwa sharti kwamba niwarudishie majibu kwenye mkutano na sio kwenye pdf. Majina nimebadili yote. Nimebaki na meseji 1,780.

Kulebo tumekaa watatu, mimi, katibu mmoja mstaafu na binti wa jirani yake mjomba ambaye ana shamba lake. Raundi ya kwanza kappa baina yangu na binti ilikuwa 0.52, tulibishana juu ya mkeka pale nje tunakula ming'oko mpaka giza likaingia, ugomvi mkubwa ulikuwa "tupo tu" na "tunaendelea kusubiri". Tukaandika mwongozo wa kurasa mbili, tukaongeza kundi la kangomba na lebo ya pembeni ya analalamika au halalamiki, raundi ya pili 0.77.

Matokeo kwenye chama nilichokifungia kabatini: BERT ya mwanzo, data safi, 68. AfriBERTa 73. Ikishasoma kwanza meseji zisizo na lebo na nikaongeza nakala za "ntu" na "nkorosho", 81. Ile kubwa ya kuchat nilivyoipa mwongozo wetu ule wa kurasa mbili ikapata 76, Bando nimekuwekea kwenye jedwali. Supavaiza alivyoona 96 imekuwa 81 alinyamaza kama dakika nzima, halafu nikamuonyesha lile tangazo la mara 63 akaniambia hiyo ndo iwe sura ya tatu.

Kangomba saizi inaikamata vizuri, unga pia. "Tupo tu" ikikaa peke yake bado inayumba, ikiwa na mwezi au neno korosho karibu inapatia.

Jana usiku nimemtumia mjomba meseji kumshukuru. Akanijibu: "Nashukuru mpwa wangu, salimia wote. Sisi huku tupo tu." Nikaipitisha kwenye modeli kwa utani, ikasema malipo, analalamika. Nikasema hapa imeboronga tena, mtu kaniaga vizuri kabisa.

---

Dada Ugani:

Ulimuahidi nini mjomba ulivyokuwa kule?

---

Mtoto wa Chikongola:

...mifuko miwili ya salfa. Toka mwezi wa tano.

---

kibanguo:

😂😂😂😂 modeli imefaulu wewe ndo umefeli, tuma hela ya mzee